Tupeane uzoefu: wenye podikasti ya gemu na washkaji zenu huku Nyanda za Juu Kusini, mnaendaje?

Mwana wa Soweto (Mbeya)

Wakuu, poleni na baridi. Huku kwetu Juni ikishaingia, mtu akikukuta umevaa makoti mawili ndani ya nyumba wala hashangai.

Niende kwenye mada. Sisi ni washkaji wanne, wote tumekulia kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa na Kabwe, na tuna podikasti yetu ya kupiga stori za gemu. Hakuna anayelipwa. Jumapili tukitoka kanisani tunakutana, simu tunaweka katikati, tunabishana hadi njaa itutoe. Najua hatuko peke yetu, kuna wenzetu Iringa, Njombe na hata Songwe wanafanya hiki kitu. Naomba tupeane uzoefu: mnarekodia wapi, mnaongelea nini, mnagombana kwa lipi, na mzigo wa kuhariri anabeba nani? Wale wa "ina hela gani hiyo" mkae kwanza, zamu yenu itafika.

Naanza mimi. Kilichotubeba ni chumba. Wazazi wa mshkaji mmoja wanauza mchele, na nyuma ya nyumba wana stoo. Magunia ya mchele wa Kyela yamepangwa kuta tatu mpaka karibu na kenchi, mlango ni wa mbao nzito. Ukiongea mle sauti inaishia hapo hapo mbele ya mdomo, hairudi. Kabla ya hapo tulikuwa sebuleni kwangu, vigae chini, kuta tupu, msikilizaji mmoja akatuuliza kama tunarekodia bafuni. Stoo ilimaliza hilo swali, na simu ni zile zile. Kasoro yake ni vumbi, lazima mtu apige chafya, na kingine ni kwamba mzigo ukiuzwa mwangwi unarudi. Msikilizaji wetu makini anajua kabisa wiki ambayo mzee kafanya biashara.

Kwenye mada, tuliteseka sana na habari za nje. Trela ya kwanza ya gemu ya GTA VI ilitoka Desemba 2023, tukaiongelea. Tukaongelea ramani. Tukaongelea tetesi. Gemu ikaahirishwa, tukaongelea kuahirishwa, ikaahirishwa tena. Watu wanaisikia hiyo habari YouTube kwa lugha zote, sisi tunaongeza nini? Siku moja mwenzetu akaropoka kuhusu Adriano wa PES 6, ile gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, yule wa Inter mwenye nguvu ya shuti 99, jinsi kibanda kizima kilivyopiga marufuku Inter kwa sababu yake. Hatukuwa tumepanga. Kile kipindi ndicho watu wanatutumia meseji nacho mpaka leo, kila mtu na kibanda chake na sheria zake. Toka hapo PlayStation 2, yaani PS2, ndiyo ofisi yetu.

Haya, tiririkeni.

Mzee wa Padi (Kihesa, Iringa)

Kamwene, wakuu. Uzi umenikuta mahali pake maana mimi nilikuwa na kibanda kabisa, TV mbili za mgongo na PS2 zilizofungwa chipu, wanafunzi wa shule na wa chuo wote wateja wangu.

Podikasti yetu ni watu watatu na haina mada, ina kesi. Kila kipindi mmoja analeta kesi ya kibandani, wengine wawili ni mahakimu. Mfano: mwenzako amebaki na kipa, wewe ukabonyeza pozi, ukasema umesikia mama anakuita. Ni wizi au siyo wizi? Hiyo kesi ilikula kipindi kizima na hukumu haikupatikana. Nyingine: wakati wa penalti, kumchungulia mwenzako vidole kwenye padi, kile kifaa cha kuchezea cha mkononi. Nyingine: mwenye kibanda akicheza na mteja, mteja akishinda, analipa au halipi? (Halipi. Mimi ndiye hakimu wa hiyo.)

Halafu kuna mambo ya padi yenyewe, ambayo asiyekaa kibandani hawezi kukuambia. Kibanda kina padi ya kwanza na padi ya pili, na hizo mbili hazilingani. Padi ya pili raba ya analogi imeliwa mpaka imebaki kijiti cheupe, kidole gumba kinachubuka. Kitufe cha R1 kimezama, kukimbia lazima ukikandamize kwa kucha. Waya pale unapoingilia kwenye padi umefungwa mpira wa baiskeli, na ukiuinua juu kidogo wachezaji wote wanasimama. Sasa mgeni akija anapewa hiyo, anafungwa, anatoka. Mimi nilikuwa nabadilisha padi kila mapumziko, ila nimeona vibanda ambavyo padi ya kwanza ilikuwa ya wenye mtaa tu.

Kijana anayeanza podikasti leo namwambia achimbe hapo. Hayo mambo hayapo kwenye mtandao wowote, yako vichwani mwetu tu.

Castolo Halisi (Sae, Mbeya)

@Mzee wa Padi, nakazia, ila usisahau majina. Sisi tulimsifia Castolo na Minanda miaka mingi tukidhani ni watu. Siku nimekuja kujua Konami waliwabuni tu kwa ajili ya Master League, ule mchezo wa PES wa kuongoza klabu yako, nikawaza hawa jamaa wamenipa furaha kuliko washambuliaji wengi wenye mama na baba. Na Liverpool tuliijua kwa jina la Merseyside Red, Arsenal ni North London, kwa sababu leseni za majina Konami hawakuwa nazo. Kuna jamaa yetu mpaka leo anasema "North London wamefungwa tena", na hatanii.

Fundi wa Uyole

Mnaongelea stori tamu, ngoja nilete za spana. Mimi ndiye ninayehariri kwenye podikasti yetu, kazi ambayo haina shukrani.

Kwanza mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili huku kwetu usipange kurekodi mchana chini ya bati bila siling'i bodi. Si suala la kelele kusikika kwa mbali. Bati la Mbeya mvua ikikaza, unaona kwenye mstari wa sauti ukuta mtupu, hakuna programu itakayokutolea maneno yako mle. Sisi msimu huo tunarekodi alfajiri kabla haijashuka, au ndani ya gari la mshkaji lililopaki. Gari ni studio nzuri, viti vya kitambaa vinakunywa mwangwi. Funga vioo, zima injini, mvumilie kukosa hewa.

Pili, acheni simu moja katikati. Kila mtu arekodi kwa simu yake, aiweke upana wa kiganja kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zipite. Mkishawasha zote, mmoja apige kofi moja kali. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni ya bure, lile kofi linaonekana kama mwiba. Unapanga miba yote mstari mmoja, sauti zenu zinakaa pamoja. Baada ya hapo aliyekohoa unamzima kwenye mstari wake bila kumgusa anayeongea. Simu zote ziwe zimekatwa mtandao, meseji ikiingia katikati ya kurekodi unaweza kupata mkwaruzo au mlio ambao hautoki.

Tatu, kutumiana mafaili. Usirekodi kwa kitufe cha sauti cha WhatsApp, kinaibana mno. Rekodi kwenye programu ya kurekodi ya simu, kisha tuma kama dokumenti. Na mkishamaliza, maongezi matupu hayahitaji faili zito: toa MP3 ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, kilobiti 64 kwa sekunde. Saa nzima inakuwa kama MB 29 hivi. Ukiacha 128 unampelekea msikilizaji mara mbili yake, MB 58, na bando ni lake. Wasikilizaji wetu wengi ni madereva na makonda, wanapakua wakiwa stendi Nane Nane, wanasikiliza njiani.

La nne ni kelele za eneo. Malori ya Tunduma yakipanda na kushuka hayana ratiba. Ila treni ya TAZARA, mwenzetu anakaa Iyunga, ikipiga honi tunanyamaza wote inapita, tunaendelea. Ile sehemu siikati, imekuwa alama yetu.

Dada wa Gangilonga (Iringa)

Hamjambo kaka zangu. Naona uzi mzima ni PS2 na mpira, basi ngoja niwatoe huko.

Mimi na rafiki yangu tunacheza Call of Duty ya simu, tangu ilipotoka 2019. Hatukuwahi kukaa kibandani kwa sababu msichana akikaa kibandani Iringa ya wakati wetu, taarifa zinafika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo gemu kwetu imekuwa ni ya chumbani, simu na hedifoni, na podikasti yetu inahusu hayo: kucheza usiku mtandao ukiwa umetulia, kuona adui kabisa, umefyatua, halafu unaambiwa umekufa wewe kwa sababu seva ziko mbali na mtandao unasuasua, kuwasha maiki wenzako wakasikia sauti ya kike, timu nzima ikaacha vita ikaanza kuomba namba. Tulichofanya ni kurekodi yale maongezi, bila majina ya watu, tukayajadili kipindini. Wanaume wengi wasikilizaji walinuna. Wasichana wakaja wengi kuliko tulivyotegemea, na hadi leo nusu ya meseji zetu zinaanza na "kumbe siko peke yangu".

Tunarekodia chumbani kwangu chini ya blanketi, yale mazito ya baridi. Iringa tumebarikiwa blanketi. Kuna mara bibi alikuwa amekuja kututembelea, akafungua mlango akakuta lundo linaongea peke yake kitandani, linasema "muue huyo, muue, yuko nyuma ya nyumba". Akasimama akasikiliza, halafu akauliza kwa upole, "Wajukuu zangu, huyo mtu amewakosea nini?" Ikaingia kwenye rekodi. Rafiki yangu alitaka kuikata, nikamwambia ukiikata mimi naacha. Bibi sasa ana mashabiki, wanamsalimia kila wiki, naye anataka kujua kama yule mtu alisamehewa.

Mpiga Filimbi (Makambako)

Sisi tulijaribu kurekodia nje. Wanaoijua Makambako wamenielewa. Kipindi kizima ni upepo na mtu mmoja anasema "eeh?"

Afisa Mstaafu (Forest, Mbeya)

Vijana mnafanya vizuri, niongeze la karatasi maana hakuna aliyeligusa. Nchi hii ina kanuni za maudhui mtandaoni tangu 2018, zikabadilishwa 2020 na tena 2022. Kuna wakati wenye blogu na televisheni za mtandaoni walitakiwa leseni, watu wakafunga kwa hofu bila hata kuuliza. Msifanye hivyo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya. Nendeni na maelezo ya kipindi chenu, muulize kama kinaangukia kwenye leseni au la, mpate jibu kwa maandishi. Ni nauli ya daladala tu.

Na muziki. Wimbo wa msanii hata ukiweka sekunde chache mwanzoni mwa kipindi, ni mali ya mtu, na YouTube ina mfumo unaoutambua wenyewe.

Mwana wa Soweto (Mbeya)

Shikamoo mzee, na asante. Hilo la muziki lilitugusa, tukaona isiwe tabu: mshkaji alikwenda na simu kibandani Kabwe jioni, akarekodi vitufe vya padi vikigongwa haraka haraka, sarafu zikitupwa kwenye kopo, na dogo mmoja anapiga kelele "bado mkono wangu!" Ukikata vizuri unapata mdundo. Dogo tulimwomba ruhusa, na mama yake pia, akataka soda.

Mpakani Kabisa (Tunduma)

Ya kwetu ilikufa, nawaambia ukweli. Tulikuwa watano. Duka moja la simu likatupa hedifoni nzuri na hela kidogo tulitaje jina lake. Hedifoni ni moja, watu watano. Aliyekuwa na laptopu akasema zinamhusu mhariri, mwenye wazo la podikasti akasema bila yeye pasingekuwa na kitu, mwingine akasema duka ni la shemeji yake. Bado tunacheza pamoja kila Jumamosi, na tunacheka sana. Ila mtu akitoa simu kurekodi, wengine wanakumbuka kwamba wana safari.

Fundi wa Uyole

@Mpakani Kabisa, pole sana. Hizo hedifoni alibaki nazo nani?

Mpakani Kabisa (Tunduma)

Shemeji.

Mzee wa Padi (Kihesa, Iringa)

Wakuu, naleta kesi, tuihukumu hapa hapa halafu wiki ijayo niisome kipindini, nitawataja kwa majina yenu haya haya ya humu. PES 2013, mechi ya hela, mtu anaongoza tatu bila, umeme unakatika. Ukirudi, aliyefungwa anasema mechi inaanza upya, aliyeongoza anasema alipwe. Mwenye kibanda naye anadai pesa ya gemu kwa wote wawili.

Castolo Halisi (Sae, Mbeya)

Tatu bila ni tatu bila. Alipe.

Mwana wa Soweto (Mbeya)

Haihesabiki. Kama haijapulizwa filimbi ya mwisho hakuna mshindi. Kibanda chetu ilikuwa inarudiwa kuanzia sifuri na mwenye kibanda hadai kitu, hasara ni yake.

Castolo Halisi (Sae, Mbeya)

Wewe inaonekana ulikuwa unafungwa sana.

Dada wa Gangilonga (Iringa)

Mbona hakuna aliyeuliza umeme ulikatika dakika ya ngapi?