Kompresa ya eabrashi: ndogo ya pistoni, ya gereji, au mota ya friji?

KijitiChaRangi (mleta mada)
Wakuu, naomba ulinganisho. Eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa upepo) ni ya sindano ya milimita 0.3, kazi ni modeli za plastiki za ndege na magari, chumba kiko ghorofani Dar na jirani tumetenganishwa na ukuta tu. Zimebaki tatu: kompresa ndogo ya pistoni isiyotumia oili, HP 1/6, tangi la lita 3 (aina ya AS-186), kompresa ya gereji ya lita 24, au fundi friji afunge mota ya friji kwenye tangi. Ipi, na kwa nini?

Sindano03
Anza na hesabu ya upepo, mkuu. Sindano ya 0.3 kwenye psi 20 (psi na ba ni vipimo vya presha; ba 1 ni kama psi 14.5) hula takriban lita 10 hadi 12 za hewa kwa dakika. AS-186 huandikwa lita 23 hivi kwa dakika, lakini hizo ni bila mzigo. Ikishindana na presha hutoa pungufu. Hujizima kwenye ba 4 na kuwaka tena kwenye ba 3, kwa hiyo kati ya hapo tangi linakupa lita 3 tu, kama sekunde 15 za kupuliza mfululizo. Usilihesabu tangi hilo kama akiba. Kazi yake ni kutuliza mapigo ya pistoni. Bila tangi, ukichora mstari mwembamba kwa presha ndogo, rangi hutoka kwa kudundadunda na mstari unakuwa kama shanga.

Kwa chumba chako, mimi nasema hiyo AS-186.

UpepoWaGereji
Ya gereji ina faida moja kubwa. Ijaze mpaka ba 8, zima swichi, tumia mpaka ishuke ba 2: umepata lita 144, yaani dakika 12 bila mlio wowote. Modeli ndogo unaimaliza koti moja la rangi humo. Tatizo ni wakati wa kujaza, maana kelele yake ghorofani haivumiliki. Tena regyuleta yake (kirekebisha presha) ni ya matairi, ukiigusa kidogo presha inaruka. Funga ya pili yenye geji ya ba 0 hadi 4. Kama pampu inatumia oili, ongeza kichujio cha oili. Tone dogo tu likifika kwenye plastiki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara. Tundu la kutokea upepo huwa robo inchi na mpira wa upepo wa eabrashi nyingi ni inchi 1/8, basi nunua adapta mapema.

MvukeWaPwani
Sindano03, hapo kwenye kazi ya tangi sikubaliani nawe kwa yote. Kwa Dar tangi linanasa maji pia. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukiikandamiza hadi ba 4 kisha ikapoa, inabaki na uwezo wa kubeba gramu 6 tu. Saa moja ya kupuliza ni karibu kijiko kimoja cha chakula cha maji! Penye tangi, mengi hubaki humo. Pasipo tangi, hewa inapoa ndani ya mpira, na maji yanakutemea kwenye kazi.

Kichujio kilichofungwa kwenye kompresa hupitisha mvuke ukiwa bado wa moto. Tumia mpira wa mita 3, weka kichujio kidogo cha pili chini ya eabrashi, na ufungue koki ya tangi kila ukimaliza kazi.

FundiBaridi
Mota ya friji ni kimya kuliko zote, lakini mota nyingi za friji za nyumbani haziwezi kuanza zikiwa zimebanwa na presha. Lazima kuwe na valvu ya kuzuia upepo usirudi, na swichi ya presha inayoachia upepo wa kwenye paipu kila inapozima. Bila hivyo inanguruma, inapata moto, inakata. Hurusha oili pia, kwa hiyo kichujio ni lazima na oili ipimwe. Kama ilikuwa na gesi ya R600a, paipu isikatwe kwa moto, gesi hiyo inawaka. Tangi liwe la upepo, lenye valvu ya usalama. Mtungi wa gesi ya kupikia usiukaribishe.

KijitiChaRangi
Asanteni sana. Nachukua AS-186. Presha niiwekeje, na dalili za ubovu ni zipi?

Sindano03
Iweke huku umebonyeza kitufe cha eabrashi, kwa sababu geji hushuka psi kadhaa upepo ukitembea. Rangi ya akriliki (ya maji) iliyochanganywa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, anza psi 15 hadi 20. Siku ya kwanza pima sekunde za kujaza kutoka sifuri hadi ba 4, uandike. Muda ukirefuka, pistoni imelika au kuna mvujo. Pakaza povu la sabuni kwenye maungio. Ikizima, ni kawaida kusikia “psss” fupi. Mlio ukiendelea, valvu ya kuzuia upepo usirudi ina uchafu: toa upepo wote kwanza, ndipo uifungue na kuisafisha.