Risasi za bunduki ya .470 ya mitutu miwili: ninunue au nijaze mwenyewe?

Wakuu habari, nipo Texas, nimepata bunduki ya Sabatti (kampuni ya Italia) ya .470 Nitro Express, risasi kubwa ya kuwindia, bei afadhali kuliko zile za Uingereza ila risasi zake zinanimaliza mfukoni. Nikijaza maganda upya mwenyewe itakuwaje?

— Mkuu anza na boksi la risasi za kiwandani za Hornady, ile ya greini 500 (uzito wa kichwa cha risasi, kama gramu 32) inayotoka kama futi 2150 kwa sekunde, uone mitutu inapigaje, alafu maganda usitupe hata moja, ndo mtaji wako huo.

— Naongezea, mitutu imelinganishwa kiwandani ipige sehemu moja kwa spidi fulani, ukijaza ya spidi ndogo sana risasi ya mtutu wa kulia inaenda kulia ya kushoto kushoto, ukizidisha spidi zinapishana, kwahiyo kronografu (kifaa cha kupima spidi ya risasi) lazima, na baruti fuata kitabu sio jamaa wa YouTube.

— Kronografu si naweza kuazima?

— Azima tu mzee.