Sensa ya waidibendi kwenye ekzosi ya Subaru: nati ichomelewe wapi?

Dereva wa Ntinda

Habari zenu, ndugu mafundi. Nina Subaru Impreza ya turbo ambayo nimeiwekea nozeli kubwa zaidi, na sasa ninasawazisha petroli upya. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari hurukaruka tu juu na chini ya volti 0.45, kwa hiyo hunieleza kwamba petroli imezidi au imepungua, lakini kwa kiasi gani hainiambii. Nimenunua ya waidibendi, yaani inayopima kiasi chenyewe, Bosch LSU 4.9, pamoja na kidhibiti na geji yake. Mchomeleaji wangu wa Katwe anataka kuweka nati ya kushikilia sensa upande wa chini wa bomba, karibu kabisa na turbo, kwa kuwa hapo mkono wake unafika bila taabu. Moyo wangu haujatulia. Je, mahali hapo panafaa? Na je, niing'oe sensa ya zamani ili hii mpya ikae katika tundu lake?

Fundi Ndeeba

Ndugu yangu, mzuie kabla hajatoboa bomba. Kuchoma lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji, na asubuhi, bomba likiwa bado baridi, sehemu ya maji hayo hupoa na kuwa matone na kutiririka chini ya bomba. Ndani ya sensa yako kuna kauri inayopashwa moto hadi karibu nyuzi 780 za Selsiasi. Tone moja likiigusa katika hali hiyo, kauri hupasuka kama glasi ya moto iliyomwagiwa maji, na fedha yako imekwenda. Kwa sababu hiyo sensa hukaa upande wa juu wa bomba, ncha yake ikitazama chini: ukilichukua bomba kuwa uso wa saa, ikae kati ya saa nne na saa nane kwa jinsi tunavyosoma saa sisi, yaani mshale uwe kwenye namba 10 hadi namba 2, isiwe chini ya hapo.

Kuhusu umbali, kwa injini ya turbo iweke baada ya turbo na kabla ya katalisti (kile kisafisha moshi), sentimita 60 hadi 90 kutoka tundu la kutokea moshi la turbo. Ukisogea karibu zaidi, joto litaipunguzia maisha. Kabla ya turbo usithubutu, kwa maana shinikizo la huko huipotosha hata namba yenyewe. Sensa ya zamani iache ilipo, kompyuta ya gari inaihitaji.

Nati ni ya M18 kwa 1.5, yaani kipenyo milimita 18 na meno ya milimita 1.5. Wakati wa kuchomelea, funga ndani yake sensa kuukuu iliyokufa ili meno yasipindike kwa joto, chomoa betri na plagi za kompyuta, kisha ukaze sensa mpya kwa spana ya 22 bomba likiwa limepoa, kwa nguvu ya Nm 40 hadi 60.

Binti wa Jinja

Fundi amesema kweli tupu, nami naongeza jambo lililonigharimu. Niliwahi kufunga sensa kwenye bomba huku kidhibiti kikiwa bado njiani, nikaendesha gari wiki tatu waya zikining'inia bila umeme. Nilipoifungua, ncha ilikuwa imevaa masizi mazito, na haikusoma tena kitu cha kuaminika. Sensa isiyopashwa moto haiwezi kuyaunguza masizi yanayoijia. Kama kidhibiti hakijafungwa, ziba nati kwa boliti yake, sensa ibaki katika boksi.

Umeme wa Magari, Mbarara

Chukua umeme kupitia relei (swichi inayowashwa kwa umeme) inayoamshwa na pampu ya petroli, si moja kwa moja kwenye swichi ya funguo, ili sensa isiwake moto huku injini imezimwa na bomba lina unyevu. Weka fyuzi. Waya wa ethi wa kidhibiti ufungwe pamoja na ule wa kompyuta, la sivyo namba ya geji na ile ya kompyuta zitatofautiana. Tena usikate plagi ya LSU 4.9 ili kurefusha waya, kwa kuwa ndani ya plagi hiyo mna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo.

Dereva wa Ntinda

Nawashukuru sana. Kazi imekwisha, sensa ipo kwenye namba 1, sentimita 70 kutoka turbo. Lakini injini ikinguruma taratibu geji husoma 16.8, yaani sehemu 16.8 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, na nikikanyaga mafuta hushuka hadi 14.7 iliyo sawa. Je, nizidishe petroli?

Fundi Ndeeba

Usiguse petroli kwanza. Namba inayonyooka ukikanyaga huashiria tundu kabla ya sensa: moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba hufyonza hewa ya nje. Washa injini ikiwa baridi, mwenzako azibe mwisho wa ekzosi kwa kitambaa kinene, nawe upake maji ya sabuni kwenye maungio yote. Ukilipata, badilisha gasketi, usipake silikoni, mvuke wake huiua sensa.

Dereva wa Ntinda

Povu limetoka kwenye ungio la chini ya turbo. Gasketi ilikuwa imeliwa upande wa boliti moja, ufa mwembamba kama ukucha, na kingo zake nyeusi kwa masizi. Nimeweka mpya, na sasa injini ikinguruma taratibu geji husoma 14.7.