Kitanda cha kunyanyua kinashuka chenyewe na nguo zinanuka uvundo. Mafundi naombeni msaada

mama_wawili_mbagala

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo yenu, hasa mafundi mliomo humu.

Tunaishi chumba na sebule, Mbagala. Chumba ni futi 10 kwa 12, na humo humo kuna kitanda, kabati la milango miwili na beseni la nguo za mtoto ambalo halina kwao. Mume wangu alinunua kwa jirani aliyekuwa anahama kile kitanda cha 5 kwa 6 cha kunyanyua, chenye boksi chini na shokapu mbili za gesi ubavuni. Kwa kweli kimetuokoa. Humo kuna mablanketi, vitenge vya shughuli, begi la vyeti, masufuria makubwa, mfuko wa mchele wa kilo 25, na mtungi mdogo wa gesi wa akiba.

Sasa tangu masika yaanze ni vituko. Ukikinyanyua, upande wa kulia unachelewa, kinapanda kimepinda. Kikifika juu kinatulia kidogo halafu kinaanza kushuka polepole, kikipita katikati kinadondoka puu! Nikitafuta kitu inabidi nikizuie kwa mgongo. Nguo nazo zinanuka uvundo na begi jeusi limeota ukungu mweupe. Nimetupia vile vidonge vya naftalini, sasa chumba kizima kinanuka dawa. Na chandarua nikikichomeka, kinanasa kwenye bawaba, kimeshachanika pembeni.

Nina mtoto wa miaka mitano na mwingine wa miezi saba. Yule mkubwa ameshajua kukifungua.

Baba yao anasema tununue shokapu moja tu ya ule upande mbovu. Fundi wa mtaani anasema zipakwe grisi. Nani mkweli? Naomba kuwasilisha.

fundi_keko

Mama Wawili, salamu zako nazipokea kwa niaba ya mafundi wote, ila hao wawili hakuna mkweli hata mmoja.

Kabla sijaenda mbali: huo mgongo uache leo leo. Tafuta kipande cha mbao ngumu, inchi 2 kwa 2, kirefu cha kutosha kusimama kutoka sakafu ya boksi hadi chini ya ubao ukiwa umenyanyuliwa juu kabisa. Kikate urefu kamili, kisiwe cha kulazimisha. Juu na chini kigongelee vijiti viwili vya kukizuia kisiteleze. Kikae hapo hapo pembeni ya kitanda, na iwe sheria ya nyumba: hakuna mtu anaingiza kichwa wala mkono humo kabla gongo halijasimama. Baba naye yumo kwenye sheria hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini. Ubao wa 5 kwa 6 ukiwa wa plaiwudi ya milimita 18 unakaribia kilo 30 peke yake. Wa MDF, yaani ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, unazidi kilo 35. Weka godoro juu yake, weka shuka na mito, una kitu cha kilo 50 kinaning'inia juu ya shingo yako, na makali ya boksi yako chini ya koo. Anayebeba mzigo wote huo ni shokapu. Ndani yake kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa na mafuta kidogo. Sili ya mpira ikichoka, gesi inatoka kidogo kidogo, huoni wala husikii. Dalili yake ndiyo hiyo uliyoisema mwenyewe: upande mmoja unachelewa, kitanda kinapanda kimepinda. Pitisha kidole kwenye ile fimbo nyembamba inayong'aa. Ukikuta imelowa mafuta, hiyo imekwisha, haina matengenezo.

Ndiyo maana grisi ni kupoteza hela. Inashika vumbi, vumbi linakwenda kula sili ya ile nzima.

Na kununua moja? Mpya inasukuma, ya zamani inavuta miguu, ubao unajipinda, bawaba zinang'oa skrubu. Utarudi dukani mwezi haujaisha. Nunua mbili, siku moja, nguvu moja. Ubavuni pameandikwa 800N, 1000N, 1200N na kuendelea. N 10 ni kama kilo moja, lakini usidanganyike kwamba ya 1000N inakunyanyulia kilo 100 za godoro. Shokapu imefungwa karibu na bawaba, mzigo uko mbali, kwa hiyo inatumia nguvu nyingi kunyanyua kidogo. Fungua ile ya zamani, nenda nayo Kariakoo, linganisha urefu ikiwa imefunguka na ikiwa imefungwa, na namba. Picha ya simu haitoshi. Mteja ananiletea picha ya kitanda cha Dubai, ananiambia "kama hiki", kumbe kile godoro lake ni inchi 6 na yeye ana la inchi 10. Ukibadilisha godoro kuwa zito, na shokapu zinabadilika.

Wakati wa kufunga, bomba nene likae juu na fimbo nyembamba chini, mafuta yaliyomo yailainishe sili. Na angalia zilivyoshikizwa. Vitanda vingi vya bei rahisi fundi amepiga skrubu fupi kwenye MDF tupu. Unyevu ukiingia, MDF inavimba, skrubu inatoka kama jino bovu. Usirudishie skrubu kwenye tundu lile lile kwa kijiti na gundi. Weka kipande cha mbao ya mninga au mkongo kwa ndani, toboa mpaka upande wa pili, funga kwa boliti, washa pana, na nati ile yenye plastiki ndani isiyojilegeza. Kila ukifanya usafi mkubwa, pitisha spana.

Moja la mwisho kwa leo. Ukitoa godoro kwenda kulianika, ubao unabaki mwepesi na shokapu mpya zina nguvu zote. Ukifungua kitasa unaruka juu kwa kasi, nimeona mtu amepasuka mdomo. Kwanza nyanyua kitanda na godoro lake, toa unachotaka, funga, ndipo utoe godoro.

kaka_wa_reading

Wakuu, niko huku Uingereza, naongezea tu kwenye alichosema fundi kuhusu kichwa. Mwaka 2024, kule Durham, mwanamke mmoja alifariki hivyo hivyo. Aliinama ndani ya kitanda cha aina hiyo, ubao ukashuka ukambana shingo kwenye ubao wa pembeni, akashindwa kujinasua. Uchunguzi ulikuta shokapu moja kati ya mbili ilikuwa mbovu. Moja tu. Afisa anayechunguza vifo vya ghafla aliandikia serikali barua ya tahadhari kuhusu vitanda hivi.

Dada, hali ya kitanda kile cha Durham na hali ya kitanda chako ni ile ile. Usisubiri mshahara, gongo la mbao halina gharama.

mama_wawili_mbagala

Mungu wangu. Nimeshamwambia baba yao, kaenda kuomba mbao kwa jirani usiku huu huu. Asanteni. Na huu ukungu je?

nesi_wa_zamu

Shoga, nianze na hivyo vidonge vyeupe: vitoe. Nafanya kazi wodi ya watoto, na hili naliona mama wengi hawalijui. Harufu ya naftalini inaingia mwilini kwa kuvuta hewa na hata kwa nguo kugusa ngozi, na kwa mtoto mdogo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Hatari zaidi ni kwa wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wa kuzaliwa nao na uko kwa watu wengi katika nchi zetu zenye malaria. Wengi wetu hatujui kama tunao. Mtoto anageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama Coca-Cola, anapumua kwa shida. Tena huyo wa miaka mitano akidhani ni pipi, habari nyingine.

Nguo zote zilizokaa na hivyo vidonge zifue na uzianike juani mpaka harufu iishe kabla ya kumvalisha mtoto au kumfunikia blanketi.

Pili, huyo mkubwa anayefungua. Boksi la kitanda likifungwa halina hewa ya kutosha, na mtoto aliyejificha humo hana nguvu ya kunyanyua kilo 50. Weka kitasa cha kufungia kwa nje, ufunguo ukae juu asikofika, na asiambiwe kwamba kuna zawadi humo ndani. Hata kufuli dogo la begi linatosha.

Tatu mtungi. Dada yangu, hata kama ni wa akiba, hata kama ni mtupu, usilale juu yake.

fundi_keko

Nesi kanipokonya mkate. Nilikuwa nakuja kwenye mtungi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inashuka inajaa chini. Boksi la kitanda ni kama karai la kuikusanyia, na wewe unakuja kunyanyua ubao na tochi ya simu inachaji kwenye ekstensheni. Mtungi ukae wima nje au jikoni penye upepo. Pamoja na mtungi toa pia mafuta ya taa, dawa ya kunguni, na pawabenki zilizovimba.

Mchele nao utoke. Mchele unaita panya, panya anatafuna mkeka, chandarua, na nyaya. Utie kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ikae sebuleni. Ile ya rangi hata ukiisafisha vizuri haifai kwa chakula, nunua ya chakula. Ndoo ya rangi weka vyeti, ndani ya mfuko wa nailoni. Hata bomba likipasuka au mtaa ukajaa maji, vyeti vinaelea.

Ukungu. Sakafu ya sementi bila vigae inanyonya maji kutoka ardhini, hasa masika. Boksi lililokaa chini kabisa linakunywa hayo maji. Linyanyue kwa miguu ya mbao ya inchi 2 angalau, upepo upite chini, na ulisogeze mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Halafu huo ubao wa juu: kama ni plaiwudi nzima bila tundu, jasho la watu watatu linashuka kwenye godoro halina pa kwenda. Gusa chini ya godoro asubuhi, utakuta baridi ya majimaji. Nikiutengeneza mimi natoboa matundu ya inchi moja, mistari mitatu, kila mstari matundu sita au saba, nasugua kingo kwa msasa zisikate godoro. Ukitaka kizuri zaidi, utoe huo ubao uweke chaga, nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3.

Begi lenye ukungu lifutie nje ya nyumba, siyo chumbani, kwa kitambaa chenye siki au sabuni, ulianike mpaka likauke kabisa. Blanketi lisiingie humo likiwa na ubaridi wowote. Mchana wa jua ukiwa nyumbani, nyanyua kitanda, simamisha gongo, fungua dirisha, kiache kipumue mpaka adhuhuri ipite. Watoto wakae sebuleni wakati huo.

mzee_wa_mabegi

Mimi naona mnamchosha dada wa watu. Kitanda hicho akiuze, anunue cha kawaida chenye miguu mirefu, asukumie mabegi uvunguni. Babu zetu waliishi hivyo hawakubanwa shingo.

fundi_keko

Mzee, kwa nyumba ya watoto nakuunga mkono nusu. Mimi mteja mwenye watoto wadogo namshauri droo, siyo cha kunyanyua. Droo haimwangukii mtu shingoni. Kwa chumba cha futi 10, kitanda cha futi 5 kikikaa ukutani na kabati la futi 2 likikaa mkabala, inabaki njia ya futi 3, na droo ya futi 2 inafunguka bila shida. Ila droo iwe na kizuizi cha nyuma isichomoke ikamwangukia mtoto mguuni. Lakini huyu tayari anacho, na hela ya kingine haipo. Tumsaidie na alichonacho.

dada_wa_tanga

Na kunguni jamani? Hicho kitanda kimetoka kwa mtu.

fundi_keko

Swali zuri. Geuza kitanda, washa tochi, angalia kwenye maungio, kwenye vichwa vya skrubu, na kwenye kile kitambaa kilichopigwa stepla chini ya ubao. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni kinyesi chao. Kitambaa hicho king'oe, hakina kazi. Maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao yanaua kunguni na mayai, lakini MDF usiimwagie, itavimba. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuhama chumba siyo dawa.

mama_wawili_mbagala

Gongo limesimama wakuu, mtungi uko kibarazani, naftalini imetoka. Shokapu mwisho wa mwezi, mbili. Fundi, nimegundua kwenye bawaba ya kulia kuna tundu halina skrubu kabisa. Na chandarua nifanyeje?

fundi_keko

Tundu hilo liwahi kabla ya shokapu. Bila hiyo skrubu hata mpya zitapinda. Mpaka hapo usikinyanyue peke yako.

Chandarua kitundike darini kwenye ndoano, kiwe kirefu, ukichomeke kati ya godoro na ubao kwa pande mbili za ubavuni na miguuni. Upande wa kichwani, zilipo bawaba, usichomeke, kiache kining'inie nyuma ya kichwa cha kitanda mpaka chini. Asubuhi kabla hujanyanyua, kikusanye chote ukifunge fundo juu. Zile pembe zilizochanika zishone leo, mbu hangoji mwisho wa mwezi.