Nasajili biashara ya siagi ya karanga kwa jina la dada. Naanza BRELA (wakala wa usajili wa biashara) au TRA (mamlaka ya mapato)?

Karanga Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Natengeneza siagi ya karanga hapa Mbagala, huu ni mwaka wa tatu. Nilianza na mashine ya kuazima, sasa ninayo yangu, na kuna wadada wawili wananisaidia kufungasha. Kwa mwezi zinatoka kopo kama 600, za elfu tano tano. Shule za bweni zikifungua zinapanda mpaka 700. Nazungusha maofisini, nyingine napeleka kwa boda, watu wanalipa kwa lipa namba. Maisha yanasogea.

Sasa wiki mbili zilizopita nilipeleka sampuli supamaketi moja. Bwana wa manunuzi akafungua, akaonja kwa kidole, akatikisa kichwa kuonyesha kaikubali. Halafu akaligeuza kopo, akaangalia nyuma, akaangalia chini, akaniuliza, "Sasa TBS iko wapi hapa?" Anataka leseni, TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango) na ile mistari ya kupigisha kaunta. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Nataka kusajili kwa jina la dada yangu. Swali langu ni moja tu: naanza BRELA kusajili jina, au naanza na TIN? Wenye uzoefu karibuni. Matusi hapana.

Nimekaa Dirishani

Ngoja waje.

Mama wa Genge

Hongera mwanangu. Mimi 2019 nilinunua kile kitambulisho cha machinga cha elfu ishirini. Nilikivaa shingoni kama mtoto wa chekechea, hata kanisani nilikisahau shingoni siku moja. Kwa kweli kilinisaidia, mgambo akikiona anapita. 2021 mwishoni tukaja kuondolewa barabarani wote, mwenye nacho na asiye nacho. Bado ninacho, nimekitunza kwenye kabati pamoja na cheti cha ubatizo.

Kobe Hana Haraka

Mleta uzi, kwa nini jina la dada na si lako?

Karanga Mbichi

Ni mambo ya kifamilia tu mkuu. Tujikite kwenye swali.

Daktari wa Mimea

Watu mnakimbilia leseni, hakuna anayeuliza karanga zinatoka wapi. Mwaka 2016 sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) iliua watu Dodoma na Manyara, na hao walikuwa wanakula nafaka zao wenyewe za nyumbani. Karanga ndiyo nyumba ya sumukuvu. Ukikaanga haiondoki, ukisaga ndiyo unaisambaza kwenye kopo zima. Mleta uzi, unazichambua? Ile iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu kwenye mdomo wa punje, unaifanyaje?

Karanga Mbichi

Tunachambua mkuu, wadada wanachambua kwa mkono juu ya ungo. Mbovu tunazitenga.

Daktari wa Mimea

Mkishazitenga zinaenda wapi?

Karanga Mbichi

Kuna mama anazichukua kwa ajili ya kuku.

Daktari wa Mimea

Mungu wangu. Na mayai unayala.

Sumu ya Nyigu

Mimi nilikuwa nimeshika mkate wenye siagi ya karanga wakati nasoma huu uzi. Sasa hivi nimeshika mkate tu.

Mzee Risiti

Nikujibu ulichouliza. Biashara ya mtu mmoja si lazima uwe na jina BRELA, unaweza kufanya kwa jina lako mwenyewe. Lakini kwa kuwa una lebo, sajili jina. Yote yako mtandaoni kwenye ORS, mfumo wa usajili wa BRELA, unatumia namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), gharama yake ni ndogo kuliko nauli utakazomlipa mtu akufuatilie. TIN ni bure, narudia, BURE. Ukishapata TIN unaenda TRA kufanyiwa makadirio, nenda na mkataba wa pango. Baada ya hapo unapata uthibitisho wa kodi, ndipo unaomba leseni halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI.

TBS ni safari yake peke yake. Tangu 2019 chakula kiko kwao, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Watakuja kuona unapotengenezea na kuchukua sampuli. Pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza, barua yao inawapunguzia gharama wajasiriamali wadogo. Ila kwa mwezi mmoja na nusu usijipe moyo sana, hasa kama unatengenezea chumba kimoja na unapolala.

Kwa mauzo yako (600 mara 5,000 ni milioni tatu kwa mwezi, 36 kwa mwaka) habari za msamaha wa kodi kwa mauzo ya chini ya milioni 4 kwa mwaka hazikuhusu tena. Wewe ni mtu wa mashine ya EFD. VAT bado, hiyo inaanzia milioni 200.

Sasa na mimi narudia swali la Kobe. Kwa nini dada? Maana hapa ushauri wote unabadilika.

Karanga Mbichi

Asante sana mzee wangu, umenifungua macho. Chumba cha kutengenezea kiko uani, hatulali humo.

Kobe Hana Haraka

Umejibu la chumba. La dada umeliruka.

Karanga Mbichi

Haya. Nina TIN ya zamani. 2017 nilifungua kibanda cha kava na chaja za simu, nikakadiriwa laki na nusu kwa mwaka, nikalipa awamu mbili. 2018 biashara ikafa, nikafunga, nikaenda zangu Mtwara kwenye korosho. Sikutoa taarifa popote, nilijua ukifunga umefunga. Juzi nimeangaliziwa, inasoma deni, 1,310,000 pamoja na riba. Mtaji wangu wote wa karanga ni milioni na kitu. Nikienda na TIN hiyo nimekwisha. Dada yangu ni mwalimu, TIN yake ni safi. Sijaiba, sijakwepa, nataka tu kuanza upya.

Mzee Risiti

Ndiyo hapo. Wengi wanaanguka shimo hilo hilo. Mtu akifunga mlango wa kibanda anadhani na faili limefungwa. Faili linahesabu tu, mwaka kwa mwaka.

Andika barua, eleza tarehe uliyofunga, ambatisha ushahidi wowote: mkataba wa kibanda ulioisha, barua ya serikali ya mtaa, tiketi ya basi la Mtwara kama bado unayo. Omba yaangaliwe makadirio ya miaka ambayo hukufanya biashara. Kitakachobaki omba kulipa kwa awamu, utaratibu huo upo kisheria. Kumbuka mtu mmoja TIN moja, hata ukijificha kwa dada deni lako linakusubiri siku utakayotaka kufanya jambo lolote kwa jina lako.

Bahati Nasibu

2018 si kulikuwa na msamaha wa riba na adhabu asilimia 100? Huyu alikuwa wapi?

Sumu ya Nyigu

Kwenye korosho.

Tochi ya Betri Tatu

Samahani, hao wadada wawili unawalipaje?

Karanga Mbichi

Kwa kopo. Sh 150 kila kopo, wanagawana.

Tochi ya Betri Tatu

600 mara 150 ni elfu tisini. Gawa kwa wawili, elfu 45 kwa mwezi. Mtu anachambua karanga kwenye ungo, anakaanga, anasaga, anafungasha, anaondoka na elfu 45. Halafu wewe unalia TRA wanakuonea. Ukirasimisha biashara na wao wanakuwa wafanyakazi, ujue. Mkataba, NSSF (hifadhi ya jamii), na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ambayo unailipa wewe bila kumkata mtu. Siku mashine ikimla mmoja kidole utaenda kuomba ushauri jukwaa gani?

Karanga Mbichi

Wanakuja siku nane tu kwa mwezi, nyingine wana mambo yao. Kukaanga na kusaga nafanya mwenyewe. Na mchana nawapa chakula. Mbona tunatoka kwenye mada.

Mama wa Genge

Muache kijana. Mimi nilianza kwa kulipwa vitumbua vilivyoungua.

Kobe Hana Haraka

Dada mwenyewe anasemaje? Maana mapato yataonekana yake. Supamaketi wanalipa baada ya siku 30 au zaidi, tena kwenye akaunti ya jina la biashara. Jina la biashara ni lake, saini ni yake. Akipata mume mkorofi je?

Karanga Mbichi

Dada yangu hana shida, tumelelewa pamoja. Nitamweleza mambo yakikamilika.

Kobe Hana Haraka

"Nitamweleza."

Mzee Risiti

Subiri. Hajui?

Karanga Mbichi

Wakuu msinichukulie vibaya. Kitambulisho chake alinitumia picha mwaka jana nikimsaidia kusajili laini. Namba ninayo. Kuna jamaa yuko jirani na ofisi moja mjini, anashughulika na hivi vitu, nimeshampa laki nne na nusu kwa kila kitu mpaka leseni. Mfumo ulimuuliza yale maswali ya NIDA, jina la mama, shule ya msingi, mahali alipozaliwa, akanipigia nikamjibu yote. Tumesoma shule moja. Ndiyo maana niliuliza BRELA au TRA kwanza, nione kama anafuata utaratibu sahihi.

Sumu ya Nyigu

Huyu hakuja kuomba ushauri, amekuja kukagua kazi ya kishoka wake.

Tochi ya Betri Tatu

Umetumia utambulisho wa mtu bila ridhaa yake, halafu unataka tukusaidie mpangilio. Hiyo ni jinai, ndugu. Mwalimu wa watu yuko darasani anafundisha kumbe ana kiwanda cha karanga Mbagala.

Karanga Mbichi

Kiwanda gani, ni mashine moja. Na faida atapata, sina roho mbaya. Mnaongea kama ninyi hamjawahi kutumia jina la ndugu kwenye laini ya simu.

Chungu cha Tatu

Jamani hii ni chai, tena sukari imezidi. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa pili aliandika kule jukwaa la mapenzi kwamba yeye ni MTOTO WA PEKEE na wazazi wanamlazimisha kuoa. Leo ana dada mwalimu. Kesho atakuwa na mjomba waziri.

Nimekaa Dirishani

Nimevuta kiti ndani sasa.

Karanga Mbichi

Ni mtoto wa mama mkubwa. Mtoto wa mama mkubwa si dada? Kwenu anaitwaje, jirani?

Chungu cha Tatu

Sawa. Jina la mama ulilijibuje basi?

Karanga Mbichi

Kwa hiyo mama yangu mkubwa aliyenilea simjui jina?

Bahati Nasibu

Hapo kakujibu.

Chungu cha Tatu

Mimi bado. Hizi stori tunazijua, ni matangazo. Mtu anajifanya amekwama, baada ya siku mbili anatokea mwingine anasema njoo PM nakusajilia kila kitu. Subirini muone.

Huduma Fasta 24

Habari ndugu mleta mada. Tunasajili jina la biashara, kampuni, TIN, leseni, TBS na ile mistari ya kaunta ndani ya siku 3 tu. Hata kama una deni usiogope. Njoo PM.

Chungu cha Tatu

NILISEMAJE?

Sumu ya Nyigu

Hahahaha jamani, siku tatu na TBS ndani yake! Hiyo siagi itapimwa kwa macho.

Karanga Mbichi

Huyo simjui wallahi. Mimi mtu wangu nimeshampa hela, nimtafute huyu wa nini?

Daktari wa Mimea

Iwe chai isiwe chai, kuku wasile karanga zenye ukungu.

Mzee Risiti

Mimi siangalii kama ni chai. Wapo mia wenye hadithi hii wanasoma kimya kimya. Mleta uzi, swali dogo. Akaunti ya ORS huyo jamaa aliifungua kwa barua pepe ya nani na namba ya simu ya nani?

Karanga Mbichi

Barua pepe ya kwake, alisema ya dada ingechelewesha. Simu pia ya kwake.

Mzee Risiti

Kwa hiyo nywila anayo yeye. Jina la biashara liko kwenye akaunti ambayo wewe huwezi kuifungua, dada hajui kama ipo. Lebo umeshachapa?

Karanga Mbichi

Kopo elfu moja. Kariakoo, juzi.

Kobe Hana Haraka

Laki nne na nusu ukijumlisha na lebo, ungekuwa umeshaanza kulipa lile deni kwa jina lako. Mpigie dada leo. Usimtumie meseji, mpigie.

Karanga Mbichi

Saa hizi yuko kipindi. Nitampigia jioni.

Kobe Hana Haraka

Leo ni Jumamosi.

Nimekaa Dirishani

😂😂

Karanga Mbichi

Mwalimu wa darasa la saba mkuu, wana masomo ya ziada. Nyie watu.

Hata hivyo nimempigia yule jamaa anipe hiyo nywila. Simu haipatikani tangu asubuhi. Nadhani chaji. Upande ule umeme ulikatika.

Mama wa Genge

Pole mwanangu. Kesho asubuhi nenda kakae mlangoni kwake, uende na mtu mzima.

Bahati Nasibu

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Hiyo mashine ya kusagia ulinunua wapi, Gerezani au kwa mafundi wa SIDO Vingunguti? Na kama unafikiria kuiuza, sema bei.

Karanga Mbichi

Haiuzwi.