Land Cruiser ya injini ya 3F nikiifunga mfumo wa LPG (gesi kama ile ya kupikia), porini itafaa?

Wakuu habari, nina Land Cruiser 60 ya kabureta, nikipanda mlima mkali inazima, petroli inayumba kwenye bakuli la kabureta. Gesi itasaidia?

— Itasaidia sana mkuu, gesi haina bakuli la kuyumba, inatoka tangini kama kimiminika inafika kwenye vaporaiza inayopashwa na maji ya rejeta inakuwa mvuke ndo inaingia injini.

— Tangi usijaze kupita asilimia 80, gesi inahitaji nafasi ya kutanuka. Na jamani mtungi wa jikoni hapana! LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini ndani ya gari.

— Bakiza na petroli, porini vituo vya gesi hamna, halafu lita za gesi zitaenda zaidi kidogo kuliko za petroli.