Fungate ya siku nne Kigoma kwa fedha kidogo

Bwana harusi mtarajiwa: Ndugu zangu, tunafunga ndoa Agosti hapa Kigoma, na kwa kuwa michango yote imeishia ukumbini, tunatafuta fungate isiyohitaji ndege. Mwenzangu anapenda utulivu. Mimi hukosa raha nikikaa tu.

Mkazi wa Ujiji: Hongereni. Nendeni Hifadhi ya Gombe kwa boti, kwani Agosti ni kiangazi na njia za milimani za kuwafuata sokwe hazitelezi. Tena raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni mbali, gharama zingewamaliza.

Mama Wawili: Siku moja ya sokwe yatosha, mwanangu! Zilizobaki mpumzike ufukweni mkila samaki wetu, migebuka.

Bwana harusi mtarajiwa: Nashukuru, mama. Mwenzangu ameshachagua migebuka.